Baba Mkwe Akiweka Frii

Tangu nilete gari la stima hapa Silibwet, swali ninaloulizwa ni moja tu, nami nimelichoka kiasi kwamba nikimwona mtu anafungua mdomo huku akilitazama gari, natamani kugeuka nirudi nyumbani. "Mwalimu, ikiisha chaji hapo kwa mlima utafanya aje?" Nimeulizwa na wenye maduka. Nimeulizwa na wazazi siku ya mkutano wa shule. Nimeulizwa na pasta mlangoni pa kanisa, mara tu baada ya kubarikiwa, na nimeulizwa na mtu aliyekuja kutuchimbia choo, akiwa bado ndani ya shimo. Wengi wao wana magari ya petroli ambayo nimeyaona kwa macho yangu mawili yakisukumwa na watu kutoka mtoni. Mimi huwajibu kwamba nitafanya wanavyofanya wao. Wanacheka, wanaenda zao, nami nabaki na hasira yangu, kwa sababu swali lao lina jibu, na jibu hilo nimeliishi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa fizikia. Kwetu ni Kisii, nimeolewa huku kwa Wakipsigis, na mume wangu hufanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Kericho na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Hapa nyumbani nimebaki na wazazi wake: boma moja, nyumba mbili, chai mbele, ng'ombe nyuma. Gari lilikuja kwa ajili ya mama mkwe. Ningekuwa na hiari yangu ningenunua ng'ombe wa tatu.

Figo zake zilikuwa zimefeli. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike hospitali ya Longisa, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, akae hapo kwa saa nyingi, kisha arudi. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka: asipokwenda, maji yatamjaa mwilini, yataanzia miguuni, yatafika kwenye pumzi, na tusije tukamlaumu mtu. Kwa hiyo tulikwenda. Mwanzoni alibebwa na pikapu ya zamani ya mzee, baba mkwe wangu, iliyokuwa ikitetemeka mpaka vioo vinapiga kelele, na harufu ya dizeli ilikuwa ikiingia kupitia sakafuni. Mtu aliyetoka kwenye ile mashine ni mtu aliyechoka hadi ndani ya mifupa. Mama alitapika kutoka Longisa hadi kwetu. Bodaboda hangeiweza, na kwenye matatu alizimia mara moja, ikatosha.

Ndipo tukasikia kwamba jamaa mmoja wa Nakuru anauza gari dogo la stima lililotoka Japani. Tulimpeleka mama akalikalia, likamzungusha uwanjani. Hakusema lina mwendo wala lina urembo. Alisema, "Hii haina harufu," akafumba macho. Basi, tukalinunua. Kwa karatasi likawa langu. Kwa usukani likawa la mzee, maana siku za kliniki mimi niko darasani nikifundisha ngeli.

Nisianze kulilaumu gari bila kulitendea haki. Mama aliacha kutapika. Miaka imepita tangu wakati huo, na kwa jambo hilo moja ningelisamehe mengi. Lakini mengi hayo yalikuwa mengi kweli. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na wingu likikohoa tu stima inapotea. Nilijifunza kuamka alfajiri kutazama kama taa ya chaja inawaka, jinsi mama wa mtoto mchanga anavyoamka kusikiliza pumzi. Majirani nao walikata kauli kwamba stima ikififia, ni gari la mwalimu linainywa yote. Transfoma ililipuka usiku wa radi na asubuhi watu walinitazama mimi, si mbingu. Nilimpelekea fundi mmoja wa Kericho gari hilo kwa sababu ya kelele kwenye gurudumu. Akafungua boneti, akainama, kisha akaniuliza kwa huruma, "Madam, injini waliiba lini?"

Na huo ukimya wa gari, ambao kwenye matangazo ya biashara ni sifa, huku ni balaa. Ng'ombe hawalisikii, kuku hawalisikii, wachumaji wa chai waliobeba vikapu mgongoni hawalisikii, kwa hiyo mzee alipiga honi kutoka nyumbani hadi lami. Gari lisilo na sauti likawa ndilo lenye makelele kuliko yote katika lokesheni nzima.

Lakini jambo lililonikondesha lilikuwa la chaji. Likizo za shule nilikuwa nikimpeleka mama mimi mwenyewe, nikirudi na chaji ya kutosha hata kupitia sokoni. Shule zikifunguliwa, mzee akishika usukani, njia ni ile ile, mgonjwa ni yule yule, gari linarudi likiwa limekata roho. Kuna taa ndogo kwenye dashibodi yenye picha ya kobe. Ikiwaka, gari linakwambia kwamba limebakiwa na nguvu ya kutambaa tu. Kwangu ile taa sikuwa nimeiona. Kwa mzee ilikuwa ikiwaka kila wiki. Nilidhani ni mizigo, maana mzee hawezi kumpita mtu anayemjua, na anamjua kila mtu. Atambeba mama wa kanisa, mtungi wa maziwa, gunia la kabeji na mwenye kabeji. Basi nikampa mama ujumbe apeleke kwamba watu wapunguzwe. Wakapunguzwa. Kobe akaendelea kuwaka.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo mtaniona mjinga kwa yatakayofuata. Kwetu Kisii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawajibizani. Wakipsigis wana heshima yao inayofanana nayo, kwa hiyo nilipoolewa sikuhitaji kufundishwa upya. Siku hizi vijana wamelegeza, na kanisani utawaona wakishikana mikono bila wasiwasi. Sisi hatukulegeza. Mzee ni wa zamani, mimi nililelewa na nyanya mkali, na miaka yote niliyokaa katika boma hilo mazungumzo yetu yalikuwa salamu tu, "Chamgei", kutoka ng'ambo ya ua. Kukiwa na kitu cha zaidi, kinapita kwa mtu wa tatu. Mzee atasema, nami nimesimama pale pale, "Mwambie mwalimu hiyo waya ya chaja imelowa." Nami nitamwambia mama, "Mwambie Baba nimeiona." Mama anatutazama, hasemi kitu, kwa sababu sote tumeshasikia.

Siku moja ya Alhamisi shule ilifungwa kwa sababu ya mtihani wa eneo, nikasema niwasindikize. Nilikaa nyuma, upande wa mama, mbali na mzee kadiri gari dogo linavyoruhusu. Tulipofika juu ya ule mteremko mrefu wa kushuka mtoni, kabla ya Bomet mjini, nikaona mkono wa mzee unaondoka kwenye usukani. Polepole, kwa mazoea, ukakishika kifundo cha gia na kukisogeza. Gari likaanza kuteleza lenyewe. Nilinyoosha shingo. Alikuwa ameweka frii, gia isiyoshika kitu.

Nilitaka kupiga kelele. Kwa asiyejua, gari la stima likishuka mlima huku gia ikiwa imeshika, magurudumu huzungusha mota, na mota hurudisha stima kwenye betri. Ule mlima unaokula chaji ukipanda, unakulipa kiasi ukishuka. Weka frii, na hakuna kinachorudi. Kila asubuhi mzee alikuwa akishuka kutoka kwetu hadi mtoni, na vilima vingine vyote hadi Longisa, huku akitupa chaji ambayo alasiri angeihitaji kupandia. Halafu anarudi nyumbani na kobe, anakabidhi funguo kwa mama na kusema, "Mwambie mwalimu hii gari yake imezeeka."

Nilimeza maneno hadi Longisa. Jioni nilimpigia mume wangu.

"Baba ameendesha lori kabla wewe ujue kutembea," akasema.

"Mwambie tu asiweke frii."

"Nitamwambia nikikuja."

Alipokuja waliketi na mzee chini ya paa la banda la ng'ombe, muda mrefu. Akarudi.

"Amesema amesikia."

"Amesikia, au hatafanya tena?"

"Amesema amesikia."

Mzee wa boma letu akisema amesikia, ni kama amefunga lango na kuweka kufuli.

Nikajaribu kupitia kwa mama. Nilimweleza kwa maji ya mvua: gari ni tangi, mlima ni paa, gia ni gata linalopeleka maji tangini, na frii ni mtu anayelitoa gata mvua ikinyesha. Mama hakusoma shule nyingi lakini alielewa kabla sijamaliza. Akaenda kumweleza. Jibu nililetewa jikoni: "Anasema, gari ikiteremka yenyewe, ya nini kuisumbua?"

Hilo jibu nililielewa baadaye, na kulielewa hakukunipunguzia hasira. Mzee alibeba majani mabichi ya chai maisha yake yote, kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani, juu na chini ya vilima hivi, na katika kazi ile dereva aliyerudi na mafuta yaliyobaki ndiye aliyeitwa dereva. Wote walikuwa wakizima au kuweka frii wakishuka. Walijua kila mteremko unaishia wapi na lori litafika umbali gani kwa uzito wake tu. Ilikuwa ndiyo sifa yao. Huwezi kumwambia mtu kwamba kitu alichosifiwa nacho tangu ujana ndicho kinachomharibia mke safari. Basi, mimi ningemwambia! Lakini mimi sikuruhusiwa kumwambia.

Nikabandika kipande cha plasta juu ya ile alama ya frii. Alhamisi ikaisha, nikakiona kimebanduliwa, kikakunjwa vizuri, kikawekwa kwenye dashibodi nisikikose. Mimi ni mtu wa methali, nazifundisha, nazisahihisha, na siku hiyo nilizipitia zote kichwani nikitafuta ya kunisaidia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, na mkuu asiyesikia je? Wahenga walikuwa wakuu wenyewe, wakajilinda.

Wakati gari lilipokuwa na nguvu, ukaidi huo ulikuwa wa kuudhi tu. Lakini betri huzeeka. Kila mwaka ilishika chaji kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na baridi ya Julai ikiingia, ile asubuhi ya ukungu ambapo hata ng'ombe hawataki kusimama, inashika kidogo zaidi. Safari ya Longisa na kurudi ikawa ya kubahatisha. Mara ya kwanza walifika sokoni wakitambaa. Mzee akaomba kuchaji kwenye hoteli moja, waya ukapitishwa dirishani, na mashine ya kukaangia chipsi ilipowashwa nyumba nzima ikawa giza. Mama alikaa ndani ya gari, mkono wake wenye bandeji mapajani, watu wakija kumchungulia kwenye kioo. Alipofika nyumbani hakula.

"Mimi nimekuwa gunia," aliniambia. "Mnanipakia, mnanishusha, na watu wananiangalia."

Nikatuma neno tena kwa mzee. Amesikia.

Mara ya pili ilikuwa Jumatatu alasiri, Julai ile ile, wakitoka Longisa. Nilikuwa darasani simu ilipotetemeka. Kijana wa bodaboda anayetubebea maziwa alikuwa akipiga kelele juu ya upepo. "Mwalimu, mathe amekwama hapa kwa kona, juu ya mto. Ndai imekataa kabisa." Nilimwacha kiranja na kitabu, nikapanda boda nyingine, mvua ikinipiga usoni.

Niliwakuta katikati ya mlima, chai pande zote mbili. Wachumaji walikuwa wameacha mistari yao na kushuka hadi barabarani, aproni za plastiki zikidondosha maji. Mtu alikuwa ameweka mawe nyuma ya magurudumu. Mama alikuwa amejikunyata kiti cha mbele, shuka hadi kidevuni, midomo imekauka. Mzee alikuwa amefungua boneti na kusimama mbele yake kwa heshima, akitazama vyuma ambavyo havingemwambia kitu.

Sijui kama ningeweza kujizuia. Huenda ningeweza. Lakini mwanamume mmoja aliyekuwa na mwavuli akanigeukia na kuniuliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa mwalimu, imeisha chaji?"

Nikampita. Nikaenda hadi kwa baba mkwe wangu, nikasimama karibu naye kuliko nilivyowahi kusimama, nikamtazama usoni.

"Baba, ni frii! Ni hiyo frii yako! Asubuhi unaimwaga hii chaji yote huko chini, halafu jioni unaitafuta ndani ya boneti. Nimekutumia maneno mpaka nimechoka. Unataka kutuulia mama kwa barabara?"

Mchumaji mmoja, mama wa makamo, aliweka mkono mdomoni. Mzee aliiteremsha boneti polepole, akaibonyeza ikafunga. Akavua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani, akaivaa tena. Nyuma ya kioo niliuona uso wa mama, nikajua nimefanya kitu ambacho hakitarudi.

Trekta iliyokuwa ikipita na majani ilituvuta hadi nyumbani. Gari la kuvutwa huwekwa frii, kwa hiyo mzee aliiweka, kihalali kwa mara moja.

Jioni ile mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa amelala akitazama mabati.

"Alhamisi siendi," akasema.

Nilimwambia kwamba nitaomba ruhusa shuleni, nitampeleka mimi. Nilimwambia chaji itatosha, nitakodi teksi, nitafanya lolote.

"Si gari. Wewe umeinua sauti kwa mzee mbele ya watu, kwa sababu yangu. Na yeye amenyamaza, kwa sababu yangu. Nikiendelea kwenda huko, hii boma itavunjika, na mimi ndiye nitakuwa nimeivunja. Wacha ikae. Nimeishi."

"Mama, unajua daktari alisema nini."

"Najua. Nilikuwa hapo."

Jumanne akakaa kitandani. Jumatano miguu ilianza kuvimba, ngozi ya kifundo ikashika alama ya kidole changu na kubaki nayo. Mume wangu alikuja kutoka kiwandani jioni, akaingia kwa mama, akatoka, akaingia kwa baba, akatoka, na alipofika kwangu alikuwa na jambo moja tu la kusema, kwamba niombe msamaha. Nilimwuliza nimwombe kupitia kwa nani. Kupitia kwa mgonjwa? Akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Nilikuwa na hasira na yeye, na mzee, na mama aliyeamua kufa kwa adabu, na mimi mwenyewe, na gari lile dogo lililokuwa limeunganishwa na waya wake pale uani, likijaa chaji kana kwamba kuna mtu wa kwenda mahali.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nikijaza chai kwenye flaski, mlango ukiwa wazi, niliposikia mtu akikohoa nje. Mzee hakuwa amewahi kuikaribia nyumba yangu tangu ijengwe. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, viatu vya kazi ya gari mguuni, funguo mkononi. Nilitazama kushoto na kulia nikitafuta mtu wa kutupitishia ujumbe. Hakukuwa na mtu.

"Mwalimu," akasema.

"Baba."

"Nimekuja unifunze."

Nilisimama na kifuniko cha flaski mkononi. "Nikufunze nini, Baba?"

"Hii gari. Mimi ninajua lori. Hii siijui. Nilikuwa nafikiria ninaijua." Aliangalia chini, kisha akainua macho, akanitazama waziwazi. "Na yeye anakufa."

Nilitaka kumwambia pole kwa ya barabarani. Niliyaanza maneno, akayakata kwa mkono.

"Hiyo wacha. Ulisema ukweli kwa sauti mbaya. Kuja, ingia."

Nikaenda kwenye mlango wa nyuma, kwa mazoea.

"Mbele," akasema.

"Mbele, Baba?"

"Ukiwa nyuma utaona mkono wangu namna gani?"

Nikaingia mbele. Sijui nielezeje kwa mtu ambaye hakulelewa hivyo. Bega lake lilikuwa pale, shubiri moja kutoka langu. Nilikaza macho kwenye dashibodi, yeye akakaza yake kwenye kioo cha mbele, na kama mtu angetupiga picha angedhani tumekamatwa na polisi. Nikamwonyesha ule mshale mdogo unaohama upande mmoja gari likitumia stima na upande mwingine gari likiirudisha. Nikamwambia kwamba akifika juu ya mteremko asiguse gia, aondoe mguu tu, na atahisi gari linashikwa kama na mtu, ndipo lile gata liko tangini. Aliniuliza maswali. Aliuliza vizuri, swali moja baada ya lingine, kama mtu anayeijua kazi yake: je, betri ikiwa imejaa kabisa, itapokea tena? Nikamwambia hapana, kwa hiyo ni afadhali tusiijaze pomoni kabla ya kushuka. Akatikisa kichwa. "Basi hata wewe ulikuwa unaimwaga," akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka karibu na baba mkwe wangu.

Ndipo mlango wa nyumba kubwa ulipofunguliwa. Mama alikuwa ametoka akishikilia fremu ya mlango, shuka mabegani, miguu imevimba ndani ya malapa. Pengine alisikia kicheko. Alitutazama. Wapita njia walikuwa wakipita kwenye ua, watu wa kupeleka maziwa, nao pia wakatazama: mzee na mke wa mwanawe, wamekaa pamoja mbele, mchana kweupe.

Mzee hakusogea. Nilitaka kufungua mlango nikimbie, lakini kwa kuwa yeye hakusogea, mimi pia nilikaa.

Mama akasema, si kwa ukali, "Kumbe mimi ni mgonjwa hivyo."

Akageuka, akaingia ndani. Nilidhani tumemuua kwa aibu. Nilikuwa nikijiuliza ni nani kati yetu atakayeshuka kwanza, mlango ulipofunguliwa tena. Alikuwa amevaa ile sweta yake ya kliniki yenye mkono uliofunguliwa mshono kwa ajili ya sindano, na kadi ya hospitali aliishika mkononi. Alitembea kwa kujishika ukutani, kisha kwenye tangi, kisha kwenye gari. Hakutaka kusaidiwa. Akaufungua mlango wa nyuma, akaketi, akavuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuupata mkanda.

"Kama nyinyi wawili mmekubali kukaa hapo namna hiyo," akasema, "mimi nikatae sindano nikiwa nani?"

Mzee aliwasha gari.

"Twendeni, tumechelewa. Na mkiwa mnaongea huko mbele, ongeeni kwa nguvu, na mimi nisikie."

Tulipofika juu ya mteremko, mkono wa mzee uliondoka kwenye usukani. Nikasema, "Baba." Akaurudisha, na tukashuka gia ikiwa imeshika, hadi chini.